Kofia ya Tromboni, Kiangazi cha 1936

Mei 3, Omaha

Daftari hili nimepewa na Verdell, binti wa dada yangu Ora. Anasema mtu mwenye mambo mengi kama mimi asipoyaandika atakufa nayo. Nimemwambia sina mpango wa kufa, lakini daftari nimelichukua. Jalada jekundu, zuri.

Basi kwa atakayelisoma: mimi ni Hosea Gaddis, miaka arobaini na tisa, na kati ya mto Missouri na milima hakuna anayevuta tromboni kama mimi. Hayo si majivuno, waulize ng'ombe wa Salina. Mwaka wa ishirini na tisa nilipiga pale madirisha yakiwa wazi, ng'ombe mia mbili wakavunja uzio, wakaja kusimama barabarani wakasikiliza mpaka wimbo wa mwisho. Asubuhi yake walipokamwa ilitoka siagi. Leotis Bynum, mpiga dramu wetu, anasema walikuwa ng'ombe wanne na walifuata chumvi. Huyo Leotis tangu azaliwe hajakubali kitu.

Bendi yetu inaitwa Wakuu wa Nyanda. Tuko kumi na wawili na haina mwenyewe. Niliianzisha mimi na Roscoe Tillery wa saksafoni miaka kumi na minne iliyopita, jikoni kwa dada Ora, tukipiga sufuria. Kila mtu ana kura moja, na kura zetu ni maharage. Jeupe, mtu abaki. Jeusi, aende. Tunayatia ndani ya kofia yangu ya duara, ile nyeusi ngumu ninayofunikia mdomo wa tromboni nikitaka ilie. Anayejadiliwa hukaa nje kulinda basi, na akishaambiwa matokeo haambiwi hesabu, asije akaanza kuchunguza nyuso. Utaratibu huo niliutunga mimi mwenyewe. Bendi nyingine zote zimeuiga.

Mei 10, Grand Island

Tumempigia kura Elzie wa saksafoni ya pili. Jana alilala jukwaani katikati ya wimbo, saksafoni mdomoni, na ajabu ni kwamba alikoroma kwa noti sahihi. Lakini wacheza dansi walimwona. Maharage kumi na moja, yote meusi.

Nilitumwa kumwambia kwa sababu nina maneno mazuri. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi.

"Elzie, ndugu yangu, ni utaratibu tu."

"Na la kwako, Hosea? La kwako lilikuwa rangi gani?"

"Jeupe, bwana. Unauliza?"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijisikia vizuri, nilikuwa nimemfariji.

Mei 11

Tumepata mwingine kutoka Lincoln. Anasoma karatasi za noti kama mtu anavyosoma gazeti.

Mei 19, Omaha

Habari kubwa. Roscoe ametukusanya jikoni kwa Ora, pale pale tulipoanzia, Ora akatukaangia kambare. Kuna wakala wa Chicago, Bwana Haskell, atakuja kutusikiliza kiangazi hiki. Akiridhika, Septemba tunaingia ukumbi mkubwa wa Chicago, na kila Jumamosi jioni tunatangazwa redioni. Redioni! Miaka kumi na minne nimekula vumbi la Kansas, nimelala kwenye mabenchi ya makanisa, nimetema mchanga ndani ya tromboni, nikingoja siku dada yangu atakapokaa kwenye kiti chake na kunisikia nikitoka Chicago.

Leotis akasema, "Hosea, ukifika Chicago jitahidi basi ufike pamoja na sisi. Katika kila wimbo unachelewa kama posta."

"Sichelewi. Nyie mnakimbia."

"Miaka tisa nakungoja, mzee. Fimbo yangu iko juu hewani, nakungoja wewe."

Watu wakacheka. Nikamrushia mfupa wa samaki.

Juni 7, Hastings

Verdell amejitolea kunifundisha kusoma noti. "Wiki sita tu, Mjomba. Asubuhi, kabla hatujaondoka." Verdell ana miaka ishirini na sita na ndiye piano yetu. Piano yake ya kwanza niliibeba mimi mgongoni peke yangu, ghorofa tatu, huku nikivuta sigara. Yeye ndiye aliyenisaidia miaka yote: tukipewa karatasi mpya huja kunipigia pole pole kabla ya mazoezi, mimi nashika kwa sikio, hakuna anayejua.

Nimemwambia kichwa changu ni kabati lililojaa. Nikiingiza karatasi lazima nitoe wimbo.

"Wengine wote wamejifunza majira ya baridi, Mjomba."

"Wengine wote hawana sikio."

Hakucheka. Siku hizi amekuwa mzito kidogo.

Juni 8

Joto.

Juni 14, Concordia

Nimekosea kusema amekuwa mzito. Asubuhi ya leo Verdell amekuja na karatasi zenye mistari na penseli mbili, akasema, "Mjomba, nataka kuandika kila unachopiga. Nyimbo zote."

Nyimbo zetu, lazima nieleze, ziko kichwani. Hatukuziandika. Tulizitunga kwa kupigapiga, mmoja anaanza, mwingine anaongeza, na kila mtu amebeba kipande chake. Mtu akiondoka, kipande kinaondoka naye.

"Kwa nini unataka kuviandika?" nikamwuliza.

"Ili visipotee."

Kumbe nimelea mtoto anayejua thamani. Watu wakubwa wote huwa na mtu wa kuwaandika. Nikamwambia alete kiti.

Juni 21, Salina

Tumeandika nyimbo nne. Verdell ana subira ya ajabu. Nampigia kipande, anaandika, nampigia tena.

Leo tulifika kwenye "Jikoni kwa Ora", wimbo wetu wa kufungia, ambao watu wakiusikia husimama juu ya viti. Sasa hapa nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Katika sehemu ya tatu, tarumbeta zinapouliza na saksafoni zinapojibu, mimi napiga noti mbili tu. Mbili, za chini, basi. Lakini mtu hawezi kumpa mpwa wake noti mbili aziweke katika kumbukumbu za dunia. Nikampa ishirini na saba. Zilipanda, zikageuka, zikashuka na kukaa. Na nilizipiga kwa wakati barabara, kama saa, Leotis asije akapata la kusema hata kwenye karatasi.

Verdell akasimamisha penseli. "Hizi ndizo unazopiga hapo?"

"Hizo hizo."

"Mbona sijawahi kuzisikia?"

"Kwa sababu uko kwenye piano, umenipa mgongo, na hao wa tarumbeta wanapiga kelele kama bata. Andika, mtoto."

Akaandika. Baada ya hapo niliona hata nyimbo zile nne za mwanzo nilikuwa nimezipunja. Nikamwambia tuzirudie, nikaziongezea vilivyopungua.

Julai 4, Wichita

Tulipiga mchana bustanini, sikukuu. Nyuzi mia moja na sita za Farenhaiti. Tikiti lilipasuka lenyewe mezani.

Julai 5

Joto.

Julai 6

Joto. Nimepaka krimu ya uso kwenye mrija wa tromboni ili uteleze, imekauka kabla sijafunga kopo.

Julai 12, Kansas City

Bwana Haskell amekuja. Mtu mfupi, suti nyeupe, jasho halimtoki. Alitusikiliza dansi ya mchana. Tulipofunga kwa "Jikoni kwa Ora" watu walipiga miguu mpaka vumbi la mwaka jana likatoka kwenye mbao, na mimi nilimwona Haskell kwa macho yangu: kiatu chake kilikuwa kikicheza. Sehemu ya tatu ndipo kilipoanza.

Baadaye akagawa karatasi mpya, wimbo tusioujua, akasema tupige hapo hapo. Maonyesho ya Chicago yana wacheza dansi na waimbaji wageni, kila Jumatatu karatasi mpya, hakuna muda wa kufundishana. Verdell akanitazama. Hakukuwa na nafasi ya kunipigia.

Mimi nikavaa miwani, nikaivua, nikaitazama. "Bwana Haskell," nikasema, "joto hili limeyeyusha miwani yangu. Naona vioo vinachuruzika."

Haskell akacheka kweli, akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Wenzangu hawakucheka. Nikaweka tromboni magotini na kuwasikiliza. Walipiga vizuri, kwa kweli, ila kikavu.

Leotis alinijia nilipokuwa nafuta tromboni. "Hosea, jifunze hizo karatasi."

"Umeona alivyoniandika kwenye kijitabu? Katika watu kumi na wawili, kaniandika mimi."

"Ndiyo, nimeona alivyokuandika," akasema, akaenda zake. Wivu ule, siku moja utamtoa vipele.

Julai 19, Topeka

Nyuzi mia na kumi na moja. Kuku wa mama mwenye nyumba tunakolala wanatembea wameinua mguu mmoja mmoja. Verdell amemaliza kuandika. Nyimbo thelathini na moja, kipande changu chote, rundo la karatasi nene kama Biblia. Nikamwuliza atalitia jalada gani. Akasema bado hajaamua. Akanibusu kwenye paji la uso, kitu ambacho hajafanya tangu akiwa na miaka kumi.

Julai 26

Jambo la kuangalia: watu wamekuwa wema kwangu. Roscoe ameniuliza habari za magoti yangu. Nimepewa kiti cha dirishani kwenye basi, kile ambacho watu hugombania. Wa tarumbeta wamenisikiliza habari ya ng'ombe wa Salina mpaka mwisho, hakuna aliyesema chumvi. Hata Leotis. Leotis amenyamaza kabisa, siku tatu sasa hajaniambia nachelewa.

Nimekaa nikafikiri, nikaelewa. Chicago wanataka bendi iwe na jina la mtu mbele. Roscoe ni mtu mzuri lakini ana sura ya mwalimu wa Jumapili. Nani atasimama mbele? Nani ana maneno? Watanipigia kura ya uongozi.

Sikumwambia mtu. Nimeanza kutunga hotuba.

Agosti 2

Joto. Hotuba imefika ukurasa wa tatu.

Agosti 9, Topeka, chumba cha chini cha kanisa

Nitaandika yote kwa utaratibu, maana nikiandika haraka nitachana karatasi.

Saa nane mchana, tumemaliza mazoezi. Roscoe akasimama mbele yangu akitazama viatu vyangu. "Hosea, tuazime kofia."

"Ya kura?"

"Ya kura. Na wewe, tafadhali, kalinde basi."

Nikamkabidhi kofia kwa mikono miwili, nikaifuta vumbi kwanza. Nikasema kwa sauti, ili waone sina kiburi, "Kura ni siri, ndugu zangu, kila mtu afuate moyo wake." Verdell alikuwa anapanga karatasi zake juu ya piano. Alizipanga, akazipangua.

Nikatoka. Basi lilikuwa limechomwa na jua mpaka huwezi kugusa mlango. Nikasimama kwenye kivuli chake, upana wa mbao moja, nikatoa hotuba mfukoni. Nilikuwa nimeianza hivi: Wenzangu, sikuutafuta mzigo huu. Nilirudia mara nne. Mara ya tano nilibadilisha, nikasema mzigo huu umenitafuta, nikaona ndiyo bora. Mbwa wa kanisa alikuja akakaa. Nilimhutubia mbwa.

Walichukua muda mrefu. Nikajua wanagombana nani atangulie kunipongeza.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Roscoe peke yake, na kofia yangu mkononi, imegeuzwa juu chini. Tupu. Nikaanza: "Wenzangu, sikuu..."

"Hosea," akasema, "ni utaratibu tu."

Ajabu ya mwili wa binadamu: mdomo wangu uliendelea na hotuba. Nilifika "mzigo huu" ndipo masikio yakapokea.

"Roscoe. Mimi?"

"Chicago wanataka wote wasome. Haskell amesema wazi. Mtu mmoja asiyesoma, hakuna mkataba. Tulingoja ujifunze. Tangu Juni tunangoja."

"Bila mimi mtapiga nini? Nyimbo ziko kichwani! Kipande changu kiko hapa!" Nikajigonga kichwa, nikajigonga kweli.

Roscoe akatazama mlango wa kanisa, na ndani, kwenye giza la ngazi, nikamwona Verdell amesimama na rundo la karatasi kifuani. Lile nene kama Biblia. Hakushuka wala hakupanda.

Hapo ndipo niliona kiangazi chote kwa mara moja. Kiti nilichomwambia alete. Penseli mbili. Ili visipotee. Busu la paji.

"Umeandika kwa ajili ya nani, Verdell?"

"Mjomba, kuna mtu Chicago wa kushika nafasi..."

"Nimekuuliza, kwa ajili ya nani?"

"Ningefanyaje?" Sauti yake ilipasuka. "Nilikuomba. Wiki sita tu nilikuomba! Wote kumi na mmoja tubaki kwenye vumbi kwa sababu wewe hutaki kukaa chini na kuonekana hujui?"

Nilikuwa na majibu ishirini. Mimi, mtu wa maneno. Nikachukua kofia yangu kwa Roscoe, nikaivaa. Kofia ya tromboni, haikutengenezwa kuvaliwa, ina harufu ya mate ya miaka kumi na minne. Nikaingia ndani ya basi kuchukua begi. Kiti cha dirishani kilikuwa na mto. Mtu aliniwekea mto.

Leotis alikuwa ametangulia kwa mlango wa nyuma wa kanisa, amekaa nyuma kabisa ya basi, peke yake, hakuwa na wengine. Akanisaidia kushusha begi. Nikampokonya.

Agosti 10, garimoshi

Sina la kuandika.

Agosti 11, Omaha

Ora hakuuliza. Ameniwekea chai ya barafu na mkate wa mahindi, akakaa mbele yangu na taulo begani. Baadaye akasema, "Verdell amenipigia simu kwa kinyozi."

"Amekwambia nini?"

"Amelia tu."

"Basi ndiyo kazi ya piano."

"Hosea, huyo ni mwanangu."

"Na mimi ni nani wake? Si mimi niliyebeba ile piano?"

"Waliibeba watu watano," akasema Ora taratibu, "na wewe ulishika taa."

Nikatoka nje.

Agosti 20

Nimefikiri sana. Verdell aliandika, hilo ni kosa, lakini kuandika ni kazi aliyopewa. Kura ni kitu kingine. Mtu akishika harage yuko peke yake na moyo wake. La Verdell lilikuwa jeupe, siwezi kuwa na shaka. Na la Roscoe, jikoni tulianza wote. La Leotis najua ni jeusi, alichagua lililo jeusi kuliko yote.

Agosti 28

Postikadi kutoka Chicago. Picha ya ziwa. Nyuma imeandikwa kwa penseli:

"Mzee. Yalikuwa kumi na moja. Jeupe lilikuwa moja, na lilikuwa langu. Usianze kujivuna. L. Bynum."

Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Kisha nikafanya hesabu, na si hesabu ngumu hata kwa mtu wa darasa la nne.

Agosti 29

Mvua. Ya kwanza tangu Mei. Sikutoka kuitazama.

Septemba 12

Jumamosi. Matangazo ya kwanza. Niliapa sisikilizi, saa kumi na moja nikajikuta kwa kinyozi Pettis, ambako kuna redio kubwa, kama watu wote wa mtaa. "Hosea! Mbona uko hapa na bendi iko Chicago?" wakaniuliza. Nikasema nimekuja kusikia sauti inafikaje huku, kwa niaba ya wenzangu. Pettis akanipa kiti cha kunyolea, kiti cha heshima.

Walipiga nyimbo sita za karatasi mpya. Zilikuwa nyororo, safi, kila kitu mahali pake. Verdell anapiga piano kama maji. Wakaja kufungia na "Jikoni kwa Ora", Pettis akaongeza sauti, wanaume wakajiweka tayari. Sehemu ya tatu ikafika.

Ishirini na saba. Yule mtu wa Chicago, Mungu amsaidie, alizipiga zote. Zilipanda zikagongana na tarumbeta, zikashuka zikawakanyaga wa saksafoni, na dramu ya Leotis nikaisikia ikinyanyuka, ikingoja, ikikosa kitu, ikashuka yenyewe. Wimbo ulizama katikati kama kitanda kilichotolewa ubao mmoja. Wanaume kwa Pettis walishusha miguu wakaanza kuongea habari za besiboli.

Pettis akasema, "Huyo tromboni ana vidole vyepesi."

"Tromboni haina vidole," nikamwambia. Sikucheka mpaka nilipofika nyumbani. Nilicheka chooni, mpaka Ora akagonga mlango. Sasa siandiki kwamba nilikuwa nacheka tu.

Septemba 16

Pettis amekuja mbio, wembe mkononi. Simu kwangu, dukani kwake, kutoka Chicago. Nikaenda na kandambili.

"Mjomba. Ni mimi."

"Naam."

"Hujambo, Mjomba?"

"Sijambo. Simu ya mbali ni ghali, sema."

Akapumua. "Ile sehemu ya tatu ya 'Jikoni'. Haiendi. Tumejaribu kila kitu. Haskell amesema tukiharibu tena Jumamosi hii, anatafuta bendi nyingine. Mjomba, zile nilizoandika... si hizo. Sivyo?"

"Ulizisikia kwa masikio yako mwenyewe nikizipiga."

"Mjomba, tafadhali. Unapiga nini pale? Kweli kweli?"

Pettis alikuwa anajifanya anafuta kioo. Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nao ukweli mdomoni, mzima. Ningempa bure, wallahi ningempa. Nilitaka kitu kimoja tu kwanza.

"Verdell. Harage lako lilikuwa rangi gani?"

Waya ulilia. Kule nyuma yake mtu alikuwa anajaribu tarumbeta.

"Jeupe, Mjomba," akasema. "Unauliza?"

Unauliza. Nilimwona Elzie kwenye ngazi ya basi, Grand Island, mikono yake miwili juu ya mkono wangu. Sikujua kama aliondoka akiniamini. Sasa najua jinsi inavyosikika kwa upande wa pili.

"Noti mbili," nikamwambia. "Za chini." Nikamtajia kwa kuimba, ya kwanza na ya pili.

"Mbili? Mbili tu?"

"Mbili tu. Hizo zingine nilizipamba kwa ajili yako."

Akaanza kulia, au kucheka, simu za mbali hazitofautishi. "Asante, Mjomba. Asante. Na unaziingiza wapi? Moja kwa moja kwenye pigo?"

Hapo nilikuwa na muda. Mtu angeweza kuvuta pumzi moja na kuitoa. Ningeweza kumwambia: hapana, mwanangu, mwache Leotis ainue fimbo, iache fimbo ikae hewani mpaka uone aibu, ndipo uingie. Usiingie kabla. Ningeweza kumwambia hilo halikubali kuandikwa, mwulize Leotis, amelingoja miaka tisa.

"Wewe si unajua karatasi," nikamwambia. "Ziweke pale karatasi inapotaka."

Nikakata simu. Pettis akauliza, "Wanakuhitaji Chicago?"

"Wananihitaji sana," nikasema.

Septemba 17

Nimeandika postikadi kwa Leotis. Nimeichana.

Septemba 18

Nimeandika nyingine. Iko mfukoni, ina stempu. Inasema maneno mawili: "Waambie wakungoje." Nimepita mbele ya sanduku la posta mara mbili.

Septemba 19, Jumamosi

Kwa Pettis, saa kumi na moja. Postikadi bado mfukoni, na hata ningeiposti jana isingefika, nilijua hilo nilipokuwa nanunua stempu.

Ora naye alikuja. Kaacha jiko, kavaa kofia ya kanisani, kakaa wima karibu na redio, mikono magotini, kulisikia jiko lake likitoka Chicago. Ndicho nilichokitaka miaka kumi na minne, ila mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni yake.

Sehemu ya tatu. Tarumbeta zikauliza. Saksafoni zikajibu. Dramu ya Leotis ikanyanyuka, nikaisikia fimbo ikiwa hewani, nikamsikia Leotis mwenyewe akiwa hewani. Na zikaja zile mbili za chini, zangu, sauti yenyewe hasa, nzuri, duara, kwa wakati barabara. Kama askari wawili wanaoingia mlangoni. Leotis hakuwa ameshusha hata nusu.

Hakuna aliyegundua kosa, maana halikuwepo. Wimbo ulipita. Watu walisikiliza kwa adabu. Pettis alisema, "Bendi nzuri hiyo, safi," akaendelea kunyoa. Ora alisema, "Verdell amepiga vizuri," akanitazama, nami nikasema amepiga vizuri sana.

Nikatazama sakafuni. Viatu vyote vya pale vilikuwa vimetulia juu ya nywele zilizokatwa, safu nzima. Kimoja tu ndicho kilichoshuka, nyuma ya pigo, peke yake, kimechelewa. Nikakivuta chini ya kiti.